Damu ya Kondoo wa Mzee Karim

Leo ni Jumapili, mvua za kwanza zimeanza kule kwetu. Huu ni mwaka wangu wa arobaini na tisa nje ya Tabora.

Veronika amefariki. Nimeambiwa tangu asubuhi na bado akili inakataa.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mtu wa maabara katika hospitali moja pale mjini, miaka ile tulipokuwa tukiitana ndugu na vijiji vikihamishwa. Mimi nilikuwa karani wa posta, rafiki yake wa kunywa naye chai.

Mchana mmoja mdogo wangu, Mwajuma, aliletwa mapokezi ya dharura kutoka Ipole, juu ya lori la tumbaku. Homa kali, shingo imekakamaa. Hakunitambua.

Daktari alimtoa maji ya uti wa mgongo, kisha akamchoma sindano. "Hii dawa nabahatisha," aliniambia. "Vero akiotesha hayo maji, kesho tutajua ni vijidudu gani na dawa ipi inaviua."

Ila vijidudu vile vilihitaji damu ya kondoo ili viote. Na kondoo wa maabara, aliyefugwa nyuma ya jengo kwa kazi hiyo tu, alikuwa amechinjiwa wageni wa chama.

"Wamemla?"

"Na supu wamekunywa," Vero akasema. Hakucheka.

Alikiacha kichupa cha maji yale penye joto, akanivuta hadi kwa Mzee Karim, Mhindi muuza vitambaa, aliyekuwa na kondoo wa Idi uani.

"Shikamoo mzee. Naomba damu ya kondoo wako."

"Marahaba. Idi bado, binti."

"Simchinji. Namtoa kidogo, shingoni, kwa sindano."

"Na akifa?"

"Anayekufa ni mdogo wake huyu."

Mzee alivua koti, akamshika kondoo mwenyewe.

Tulirudi Vero akiitikisa chupa yenye shanga za kioo njia nzima, damu isigande. Mama mmoja sokoni aliuliza, "Hao na damu yao wanakwenda kwa mganga gani?" Nililia mbele za watu.

"Ndugu, ukianguka hapa nakuacha," Vero alisema. "Mikono yangu ina kazi."

Kesho yake vijidudu viliota, na ile dawa ya kubahatisha haikuvigusa. Wakabadilisha. Woga wa kungoja siku ile haujanitoka hadi leo.

Mwajuma alipona, ingawa sikio moja halisikii. Ndiye aliyenipigia asubuhi.

"Kaka, Vero amefia mapokezi. Homa ya ghafla. Damu yake wameiotesha, majibu bado. Utakuja?"



Vero, kila mwaka nilisema nitarudi nife nyumbani. Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwepo. Nilijua nikiletwa pale sijitambui, kuna mtu atakayenihangaikia. Sasa naogopa, na sioni aibu kukwambia.

Lala, ndugu yangu, upumzishe mikono hiyo.

Mimi sitarudi Tabora.