Yonasi Aadhibiwe Jumapili Ijayo

Fyooo. Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko zote za Malaba ya miaka ile: mirija kumi na mmoja ikinyonya hewa kwa pamoja, chungu cha pombe kimekauka katikati ya sentensi. Emukule aliweka kidole kwenye neno alilofikia, akangoja Adeke amimine maji ya moto juu ya pombe ya wimbi, na hakuendelea kusoma mpaka sauti ile igeuke tena kuwa mnong'ono wa watu wanaokunywa kwa amani. Sidhani kuna mwandishi aliyepata wasikilizaji waaminifu kama sisi. Maadamu pombe ilikuwepo, hakuna neno lililotupita.

Emukule alikuwa karani wa vifurushi katika stesheni ya reli. Alizaliwa upande wa Amukura, mwana wa mkulima wa pamba, akasomeshwa na mapadri, akatoka kwao na vitu viwili: mwandiko mzuri ajabu, na woga. Mwandiko ulimpatia kazi, woga ukaitunza. Alifunga kifungo cha juu cha shati hata mwezi wa pili, jua linapotaka kuyeyusha reli zenyewe. Alisema "ndiyo, bwana" kwa mkuu wa stesheni, kwa makuli, na siku moja, inasemekana, kwa mbuzi aliyesimama mlangoni mwa ofisi. Alikuwa amekaribia miaka arobaini na hakuwa na mke. Tulimwuliza habari za mke mara moja kila mwezi, kwa upole, kama mtu anavyoulizwa habari za mgonjwa wake.

Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na nane alikuja chunguni Jumapili baada ya misa, mkononi ana daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaomba ruhusa atusomee kitu. Ruhusa ilikuwa ya Adeke. Adeke alikuwa mjane, mwenye chungu na mwenye uwanja, na sheria yake ilikuwa moja: mgeni hapewi mrija mpaka mmoja wetu aseme mbele ya watu wote kwamba anamjua. Aliyesema hivyo alibeba lawama zote za mgeni wake. Mpakani, wakati ule wa magendo, kila mgeni angeweza kuwa mpelelezi, na sheria hiyo ilikuwa imeokoa vyungu vingi.

Adeke alimwuliza Emukule kama kitu chake ni siasa. Akasema si siasa. Akamwuliza kama ni dini. Akasema hapana.

"Basi soma," Adeke akasema. "Lakini usitulilie hapa."

Ilikuwa hadithi ya wanaume wawili, Gideoni na Yonasi, waliokaa nyumba moja ya reli wakapendana. Hawakupendana kama ndugu. Emukule alilisoma hilo wazi kwenye ukurasa wa tatu, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayengoja kupigwa.

Hakuna aliyempiga. Emuron, aliyekuwa ameacha udereva wa lori ili aishughulikie vizuri zaidi kahawa ya magendo, alichomoa mrija wake, akaufuta, akaondoka nao bila kuaga. Alikosekana Jumapili mbili. Ya tatu alirudi, akatutangazia kwamba amefuata pombe tu, masikio ameyaacha nyumbani. Baada ya nusu saa aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali kitu, kama Gideoni alipona ile homa yake.

Katekista Echodu alitafakari muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mwishowe alitoa uamuzi kwamba nyumba za reli ni ndogo, kitanda ni kimoja, na yanayobaki ni kati ya mwandishi na Mungu wake. Sisi wengine, nisidanganye, Jumapili ya kwanza tulitazama miguu yetu. Ya pili tuliwaita marafiki. Kufikia ya tano hatukuwaita kitu chochote. Walikuwa Gideoni na Yonasi, watu wetu, na tulikuwa tumeshapata jambo kubwa zaidi la kutunyima usingizi. Yonasi hakuwa mtu mzuri.

Gideoni tulimpenda wote. Alikuwa mfunga mabehewa, na mabehewa yalikuwa yamemla nusu ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Akipika samaki, kipande kinono alimwekea Yonasi. Yonasi alikila, kisha akala na cha Gideoni. Yonasi alisema "kesho" kama wengine wanavyosema "habari". Alidanganya juu ya mshahara wake. Na walipotembea sokoni, Yonasi alitangulia hatua kumi mbele, kana kwamba yule mwanamume nyuma yake ni mtu tu aliyekuwa akielekea huko huko.

"Huyo hapana mtu," alisema Nabwire, muuza ndizi kutoka Bukhayo. "Mimi sahani yake singeosha."

Nabwire alikuwa na mume Busia na mwingine Tororo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na habari za mwenzake. Kwa hiyo uongo ulimwumiza sana. Emuron, ambaye ndugu yake alikuwa gerezani kwa kahawa waliyoibeba pamoja, alisema kitu asichoweza kukivumilia duniani ni mtu asiyesimama na mwenzake. Echodu, ambaye mpaka wa shamba lake ulikuwa umetembea hatua nne usiku mmoja ndani ya shamba la shangazi yake, alitaka Yonasi apatwe na maradhi. Si ya kuua, alifafanua, ya kufundisha. Na mimi nilikuwa na yangu, ambayo siyaandiki hapa kwa sababu karatasi ni ghali.

Tulimwambia Emukule ambadilishe. Kalamu ni yako, tulimwambia, ni shida gani kumfanya mtu awe mwema kwa mistari miwili? Emukule aliinamia daftari lake, akasema Yonasi alikuwa anaogopa.

"Kila mtu anaogopa, karani," Nabwire akamjibu. "Mimi naogopa ng'ombe. Umesikia nimeuza mtu juu ya ng'ombe?"

Wakati huohuo tulifanya ugunduzi mkubwa, nao ulitufurahisha sana. Tuligundua kwamba Gideoni ni Emukule mwenyewe. Mtu mpole, mpweke, anayemwitikia hata mbuzi. Angekuwa nani mwingine? Mahali fulani, basi, kulikuwa na Yonasi wa kweli aliyemtesa karani wetu, na sisi tulikuwa na wajibu wa kumfariji. Nabwire alimletea kuku. Echodu alimpisha kwenye kiti chake, kile cha upande usiofikiwa na moshi. Emuron alimwita "ndugu yangu", jina ambalo kwa kawaida yake lilikuwa la hatari, lakini nia ilikuwa njema. Habari ya kidole haikutusumbua. Waandishi hubadilisha hapa na pale, tulisema, tukitikisa vichwa kama watu wanaoujua uandishi. Emukule alikuwa na vidole kumi kamili, vilivyogeuza kurasa mbele ya macho yetu kila Jumapili, na hakuna aliyejisumbua kuvihesabu.

Naye hakutusahihisha. Kuku alimla.

Mwezi wa sita alifikia daftari la kumi na moja. Katika hadithi ulikuwa ule mwaka kahawa ilipopanda bei mpaka watu wakaacha kulima mahindi. Yonasi alinunua gunia moja upande wa Uganda, na kwa kuwa alikuwa Yonasi, alimwomba Gideoni amvushie. Gideoni alikamatwa kwenye kizuizi cha askari mpakani. Walipomwuliza gunia ni la nani, alisema ni lake. Hakuomba kitu ila kimoja: aitwe mtu anayekaa naye nyumba moja, karani pale stesheni, amletee blanketi, kwa maana usiku ule kulikuwa na baridi.

Yonasi alifika na blanketi kwapani. Umati ulikuwa umejaa, na baadhi ya nyuso alizifahamu. Askari akamwuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayejaza fomu: huyu anasema mnakaa nyumba moja, unamjua?

Yonasi aliutazama umati. Akasema, "Simjui." Kisha akarudi nyumbani na blanketi lake, na Gideoni akafungwa miezi minane.

Emukule alifunga daftari. Chungu kilikuwa kimekauka na hakuna aliyemwita Adeke alete maji.

Halafu tulianza kusema sote pamoja. Sijapata kuona watu wema wengi kiasi kile mahali pamoja. Emuron alitaka lori limgonge Yonasi, alijua na mteremko unaofaa. Echodu alikuwa ameyaacha maradhi ya kufundisha na kupanda hadi upofu. Nabwire hakuwa na haja na Yonasi kabisa, kwake alikuwa amekwisha. Alitaka Gideoni atoke gerezani apate mwingine, fundi cherehani, mwenye meno mazuri na asiyesafiri. Alikuwa ameshamfikiria mpaka rangi ya shati. Emukule alisikiliza yote kwa heshima, amekaa kwenye kiti cha Echodu, mahali pasipo na moshi, macho yamemwiva.

Adeke ndiye aliyekata shauri. "Jumapili ijayo Yonasi aadhibiwe," alisema. "Kama hapana, madaftari yako upeleke kwingine."

Sasa, Nabwire hakuwa mtu wa kukaa na huzuni peke yake wiki nzima. Aliibeba pamoja na ndizi zake mpaka soko la Funyula, akawasimulia wanunuzi. Aliiboresha kidogo. Alimfupisha Yonasi, akampa meno mabovu, akamwongezea rovu shingoni. Kidole cha Gideoni alikiacha kama kilivyo, kwa maana hakuna aliyeweza kukiongezea uzuri. Mwanamume mmoja aliyesimama pembeni alimwuliza hadithi hiyo inasomwa wapi, na nani, na siku gani. Nabwire alimweleza yote, akafurahi kwamba sifa zetu zimefika mbali. Mikono ya mtu huyo hakuitazama. Alikuwa na shughuli.

Jumapili ikafika. Tulikuwa wengi kuliko kawaida, hata mkuu wa stesheni alikuwepo, na Adeke alikuwa ameandaa chungu kikubwa, kama cha harusi. Emukule alikuja na madaftari mawili. Baadaye alituambia yaliyokuwa ndani. Katika la kwanza Yonasi aligongwa na garimoshi la kutoka Tororo, kama wasikilizaji walivyoomba. Katika la pili hakupatwa na kitu. Aliendelea na kazi yake, akafunga kifungo cha juu, na kila Jumapili akala kuku wa watu. Alikuwa ameyaweka yote mawili magotini na bado hajachagua.

Hapo ndipo mtu alipopiga hodi kwenye ua.

Alikuwa mrefu, kofia mkononi, viatu vina vumbi la safari. Alitusalimu vizuri. Alisema anaitwa Okal, ametoka Funyula, amesikia kwamba hapa pana hadithi, na kama si taabu angependa kukaa asikilize. Adeke hakuinuka. Aliuliza kama alivyowauliza wageni wote: nani hapa anamjua huyu?

Hatukumjua. Emuron alianza kusema mgeni arudi tu alikotoka, siku hizi wapelelezi wanakuja na salamu nzuri. Yule mtu hakubishana. Aliweka mkono wa kushoto juu ya mti wa ua, kama mtu anayepumzika kidogo kabla ya kurudi njia ndefu. Kidole cha mwisho kilikuwa nusu.

Tulikitazama kile kidole tulichokipenda kwa miezi mitano. Kisha, taratibu, tukaangalia magotini mwa Emukule, ambako vidole kumi vilikuwa vimeshika madaftari mawili, na kwa mara ya kwanza tukavihesabu. Nabwire aliweka kiganja mdomoni. Nadhani alikuwa anamkumbuka kuku wake.

Okal hakumtazama Emukule. Alitazama chungu, mvuke wake, mirija iliyolala pembezoni, kama mtu anayetazama nyumba ya watu kupitia dirishani. Hakusema yeye ni nani zaidi ya jina lake. Hakusema amekuja kumfuata nani. Angeweza kusema, na tungemwamini, na tungempa kuku wawili.

"Nauliza mara ya pili," Adeke akasema, na sauti yake haikuwa kali. "Huyu nani anamjua?"

Ilimtosha Emukule kunyamaza tu. Hilo tu. Sheria yenyewe ingemwondoa mgeni, kwa adabu, bila mtu kunyoosha mkono; kiti kingebaki chake na moshi ungeendelea kuvuma upande mwingine. Alikuwa na uzoefu wa jambo hilo. Na mkuu wa stesheni alikuwa palepale, amekaa watu wawili kutoka kwake, mrija mdomoni, anangoja kama sisi.

Okal aliondoa mkono kwenye mti, akavaa kofia yake, akageuka.

Emukule alisimama. Madaftari yote mawili yalianguka kwenye majivu na hakuyaokota. Alifungua kifungo cha juu cha shati. Sauti yake ilitoka ndogo sana, hata sisi wa karibu tuliinama ili tuisikie.

"Mimi namjua," alisema. "Tulikuwa tunakaa nyumba moja."