Mdogo Wangu Alipoanza Kusema Asante

Mdogo wangu anayenifuata ana mdomo mbaya. Simsengenyi, mwenyewe anajua, na mtaa wetu wote hapa Mangobo unajua. Anaendesha toleka, yaani baiskeli ya kubeba watu, katika mji ambao pikipiki zimeshakula kazi ya baiskeli, na bado wako wateja wanaomsubiri yeye. Wanalipa ili wafike sokoni na watukanwe njiani. Siku moja mama mmoja muuza mawese, mwenye mwili wa kutosha, alipanda nyuma yake. Mdogo wangu hakuanza safari. Alingoja.

"Tunangoja nani?" mama akauliza.

"Ule mwengine. Si muko wawili?"

Yule mama alicheka mpaka akashuka. Tangu siku hiyo hapandi baiskeli ya mtu mwingine.

Mimi ndiye dada yake mkubwa, yaya kama anavyoniita, na kwangu hana huruma hata kidogo. Nina malewa, kibanda cha chakula karibu na soko: mabenchi, masufuria, na lituma, ndizi za kuchemsha zilizotwangwa mpaka zishikane. Kila mchana huja, hukaa, humega tonge, hutafuna, halafu huuliza mbele ya wateja:

"Yaya, hii lituma ulitwanga ao ulijenga?"

"Kula unyamaze."

"Ninakula. Lakini siku nikikufa, yenye itabakia mufungie nayo kaburi."

Wateja wapya hushtuka. Wa zamani hunyoosha bakuli waongezewe mchuzi.

Baba yetu alikufa, na mama akamfuata kabla hatujazoea. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nilirudisha vitabu vya shule nikaanza kutwanga ndizi. Sikuona la kujadili: nyuma yangu walikuwa wawili, yeye na mdogo wetu wa mwisho, msichana, na wote walikuwa na njaa. Tonton, ndugu ya mama, alikuja kutoka Opala, akatuombea, akala, akarudi Opala. Mpaka leo anakuja hivyo hivyo.

Kisukari kilimkuta mdogo wangu angali mvulana. Alikuwa akimaliza ndoo ya maji peke yake na bado ana kiu. Akakonda, na pumzi yake ikanuka nanasi lililooza. Jirani mmoja alisema amelogwa, mwingine akasema ni minyoo. Mimi nilimpeleka hospitali, si kwa akili nyingi, ila hospitali ilikuwa karibu kuliko mganga. Huko tuliambiwa kwamba mwili wake hautengenezi insulini tena, na kwamba atachomwa sindano kila siku maisha yake yote. Niliuliza maisha yote ni mpaka lini. Muuguzi aliniangalia, akaona sifanyi mzaha, akasema, "Mpaka mwisho, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa mama. Bado nilikuwa na sketi ya shule, ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo.

Tukajifunza. Dawa inataka baridi, na umeme wa kwetu huja siku uliyoamua wenyewe, kwa hiyo kichupa cha insulini kinakaa ndani ya chungu, na chungu kinakaa katika mchanga tunaoumwagilia maji asubuhi na jioni. Tukajifunza kupima damu ya kidole kwa mashine ndogo. Na tukajifunza jambo moja ambalo hospitali haikutufundisha.

Mchana mmoja alikaa kwenye benchi langu, akamega lituma, akatafuna, akasema, "Asante, yaya. Umepika muzuri."

Niligeuka kutazama nani ameingia. Hakuwa ameingia mtu. Mdogo wangu alikuwa akitoka jasho usoni, mikono inamtetemeka, na alikuwa anateleza taratibu kutoka kwenye benchi huku akiniangalia kwa heshima. Sukari ilikuwa imeshuka. Tulimshika, tukamnywesha chai yenye sukari nyingi, naye akaimeza. Baada ya muda macho yake yalitulia juu ya mteja aliyekuwa amemshika kichwa.

"Papa," alimwambia, "mikono yako inanuka samaki."

Tukajua amerudi.

Tangu hapo tulikuwa na kipimo chetu. Akisema asante, anapewa sukari. Akisema tafadhali, anapewa sukari na mtu wa kumshika. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa mkali sana katika kazi hiyo. Jumapili moja kanisani alimwona kaka yake amesimama kumpisha bibi mmoja akae, na kabla bibi hajakaa, mtoto wa kike amekwisha kuvuka mabenchi na kikombe mkononi. Kumbe sukari ilikuwa sawa. Alikuwa amejaribu tu.

"Mutu hawezi kuwa na adabu kidogo mu hii famille?" alinilalamikia.

"Hapana," nilimjibu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na tuliishi vizuri, mpaka msimu wa mvua uliopita. Alikuja malewa mchana, akala, akasema, "Asante, yaya." Mdogo wa mwisho akaleta chai ya sukari. Akainywa, akarudisha kikombe, akasema, "Asante." Tukangoja. Hakumtukana mtu. Nilimpima kidole, na sukari haikuwa chini hata kidogo. Ilikuwa juu kidogo, kwa sababu ya chai yetu.

Kesho yake ilikuwa hivyo tena. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Alisalimia watu. Alisema pole. Alikula nusu ya chakula, akashukuru, akaenda kulala saa ambayo wenzake wako barabarani.

Mtaa ulifurahi. Majirani walikuja kunipongeza kwa malezi. Kiongozi wa kwaya alimtaja kama mfano kwa vijana. Tonton alikuja kutoka Opala wakati huo huo, akamwona anavyoinamisha kichwa akisalimia, akaridhika.

"Kukomaa ni hii," alisema. "Nilikuwa ninawaambia. Mutaona, atakuwa mutu mukubwa."

Aliyeogopa pamoja nami alikuwa mmoja tu, mama wa mawese. Alikuja kibandani asubuhi akiwa hata hajapanga mafuta yake.

"Mama, mdogo wako, nilimukosea nini?"

"Amekufanya nini?"

"Jana amenibeba mpaka soko. Njia yote anasema, 'Pole mama, kuko shimo. Pole mama, kuko maji.' Hakusema kitu ingine. Niliteremuka nikaenda kulia mu pagne."

Nilimwambia hajamkosea kitu. Alijifuta macho kwa pagne yake, kitenge alichojifunga. Nilijua kwamba kuna ugonjwa wa pili umeingia ndani, na mashine yetu ndogo haiuoni.

Jioni hiyo mdogo wangu aliinama kuniaga akalale, nikasikia pumzi yake. Nanasi lililooza. Harufu hiyo huwezi kuisahau ukishaisikia mara moja. Nilikwenda pembeni ya chumba kwenye chungu. Kumwagilia mchanga ilikuwa kazi yake, na mchanga ulikuwa mkavu kama unga. Nilitoa kichupa. Kilikuwa kimejaa karibu kama kilivyotoka hospitali.

"Umejichoma lini?"

"Pole, yaya."

"Sikukuuliza pole. Nimekuuliza lini."

Alikaa kitandani. Mdogo wa mwisho alisimama mlangoni na kikombe chake, hajui akilete au akirudishe.

"Hata Mungu alipumzika siku ya saba," alisema. "Mimi hii kitu hainipe hata dimanche. Nikilala iko. Nikikula iko. Nikipanda baiskeli iko nyuma, na hailipe kitu. Nimechoka, yaya. Hapana kusema ninataka kufa. Ninataka kuacha kidogo tu."

"Ukiacha kidogo unakufa kabisa."

"Ninajua," alisema, kwa adabu.

Nilimwambia avae shati. Pikipiki zilikuwa zimekwisha kuondoka barabarani kwa sababu ya mvua, kwa hiyo nilitoa baiskeli yake nje, nikakaza pagne, nikamwambia apande nyuma anishike kiuno. Sikuwa nimeendesha baiskeli tangu shule. Niliyumba kutoka ukingo mmoja wa barabara mpaka mwingine, na watu walitoka chini ya vibaraza kuangalia. Mdogo wangu ninayemjua angekuwa na maneno ya kutosha mpaka Makiso, kwenye hospitali. Huyu alinishika kiuno tu. Mbele kulikuwa na shimo, nikaingia ndani yake makusudi. Niseme ukweli, nilikuwa naomba tusi.

"Pole, yaya," alisema nyuma yangu.

Nikaingia la pili. Akasema pole tena. Nikaacha mashimo, nikakanyaga pedali.

Walimlaza, wakamwekea maji ya mshipa na insulini, na baada ya siku kadhaa pumzi yake haikunuka tena. Muuguzi alikuwa yule yule wa zamani, sasa na mvi. Alinikuta kwenye kibaraza cha wodi, akaniuliza ilianzaje.

"Alianza kuwa na adabu," nilisema.

Alicheka. Kisha akaniangalia, kama mara ile ya kwanza, akaacha kucheka. Nilimweleza habari za asante na za mama wa mawese. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akavuta kiti karibu na kitanda. Nilidhani atamgombeza kuhusu kichupa. Alimwuliza analala vipi. Alimwuliza akiamka anatamani nini. Mdogo wangu alijibu akiwa amegeukia ukuta, na alijibu kwa muda mrefu, nami nikajikuta nafahamu kwamba katika miaka yote ile nilimwuliza kila siku kama amekula na kama amejichoma, na maswali hayo mawili yalitosha kumweka hai mpaka hapo.

"Si uvivu huo, wala si pepo," muuguzi aliniambia tulipotoka. "Sukari na moyo vinalala kitanda kimoja. Kimoja kikiugua, kingine hakipati usingizi. Wengi wenye sindano hufika pale alipofika yeye, ila si wote wana dada wa kuogopa adabu."

Alimpeleka kwa bwana mmoja wa hospitali hiyo ambaye kazi yake ni kuongea na wagonjwa. Hatoi vidonge, hapimi kitu, anauliza na kusikiliza. Mdogo wangu alipangiwa kwenda kwake kila wiki. Tonton hakupendezwa.

"Mutu analipwa kwa kusikiliza? Mimi ningemusikiliza bure."

"Tonton, tangu ufike umemsikiliza lini?"

Tonton aliomba maji ya kunywa.

Nilirudi kwenye kinu changu. Kutwanga ni kazi nzuri ya kufikiria, mradi usiangalie juu. Nilimfikiria Mungu na siku yake ya saba. Nilimwuliza muuguzi kama kuna namna ya kupumzisha sindano siku moja, akaniambia haipo. Basi, nikaona, kama ugonjwa haupumziki, apumzike mgonjwa. Jumamosi nilimwambia:

"Kuanzia kesho, dimanche si kazi yako. Mchanga nitamwagilia mimi. Kidole nitapima mimi. Dawa nitavuta mimi, nitachoma mimi, na chakula nitapima mimi. Hata kuufikiria ugonjwa nitaufikiria mimi. Wewe utanyoosha mkono tu, kama chef, yaani mkubwa."

"Na ukisahau?"

"Mimi nimesahau nini katika nyumba hii?"

Jumapili ya kwanza alinyoosha mkono akitazama pembeni, nikamchoma, akasema asante. Ya pili alisema asante. Sikulipenda neno hilo, lakini nilichoma. Siku nyingine za wiki alijichoma mwenyewe, nami nilikagua kichupa bila kuficha kwamba nakagua. Kwa yule bwana wa kuongea alikwenda, akarudi, akalala. Wiki iliyofuata alirudi akasema, "Ule mutu anauliza maulizo kama baba-mukwe." Mdogo wa mwisho aliniangalia. Nilimwashiria asiseme kitu. Tusi moja dogo kwa mtu asiyekuwepo si dalili ya kutosha.

Jumapili nyingine, mvua ilikuwa imekatika na nilikuwa nachelewa kanisani. Nilimwagilia mchanga, nikapima, nikavuta dawa, nikamshika mkono. Alinyoosha vizuri. Nilipochoma alivuta pumzi kwa meno, akageuka akaangalia mkono wake, kisha akaniangalia mimi.

"Yaya," alisema, "unachoma kama mutu anatafuta maji ya kisima."

Mdogo wa mwisho alikuwa amesimama karibu na kikombe, kama kawaida yake ya Jumapili.

"Umesema nini?" niliuliza.

"Nimesema kisima. Na ungeendelea kidogo ungetokea Lubunga, ngambo ya mto."

"Basi kesho ni lundi, utajichoma mwenyewe."

"Bien sûr, nitajichoma. Mimi angalau ninajua mukono inaishia wapi."

Msichana alimimina sukari kutoka kwenye kikombe, akairudisha mkebeni, akafunika. Tukaenda kanisani, tukachelewa.

Jumatatu alijichoma. Adabu bado inamrudia, hasa mvua zikizidi na wateja wakipungua. Akisema asante, tunampa sukari kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoua haraka. Akiinywa na bado akasema asante, naacha sufuria, nakaa naye kwenye benchi, nangoja. Safari nyingine nangoja siku nyingi. Wateja wanaita, nami nakaa, mpaka siku anapogeuka kuniuliza kama lituma inajitwanga yenyewe.