Herufi za Mkono wa Kushoto

Mama alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulikataa kabisa. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kule nyumbani Kiplombe alikuwa ameanza kuwaandikia wajukuu habari za maisha yake. Sikutaka aache. Nilimtengenezea kompyuta aitumie kwa mkono mmoja: maandishi makubwa, mshale mnene usiompotea machoni, na vifupisho. Akiandika "www", panatokea "wajukuu wangu wapendwa."

Mipangilio yote niliiweka kwenye folda moja mtandaoni, pamoja na skripti fupi, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata hadi kila faili ikae mahali pake.

Asubuhi moja ndama alipita barazani, akanaswa na waya wa chaji, na kompyuta ikaanguka kwenye simiti. Kioo kilipasuka vibaya. Habari alizoandika zilikuwa salama mtandaoni, lakini nilipompelekea kompyuta nyingine, alibonyeza kidogo akaondoa mkono.

"Hii hainijui," alisema. Machozi yakamlengalenga. "Nimechoka kujifunza upya, mwanangu. Kutembea nimejifunza upya. Hata kushika kijiko."

"Hutajifunza chochote, Mama. Ngoja kidogo tu."

Niliendesha skripti. Ikagoma. Nilitafuta kosa huku akinitazama, nikajihisi kama mtoto anayesahihishiwa hesabu. Kumbe mstari mmoja ulikuwa bado unaitaja kompyuta ya zamani. Niliurekebisha, nikaendesha tena. Maandishi yakakua, mshale ukanenepa.

"Jaribu, Mama."

Akaandika "www" kwa kidole kimoja. Wajukuu wake wapendwa wakatokea wote. Alicheka, ule upande mmoja wa mdomo ukipanda kuliko mwingine, akanivuta kichwa akakiegemeza begani kwake.

Tulikunywa chai huku nikisoma alipofikia: siku alipokutana na baba, ambaye tulimzika kabla Mama hajaugua. Jina la baba lilijaa ukurasa mzima, majina yote matatu kila mara.

"Nikuwekee kifupisho cha baba?" nikamuuliza. "Herufi mbili tu, usichoke."

Alitikisa kichwa.

"Hapana. Hilo niache niliandike mwenyewe."

Akavuta kompyuta karibu, akaanza, herufi moja baada ya nyingine. Sikumharakisha.