Barua Niliyoipa Kumi na Nne

Nilikuwa darasa la sita, na tayari nilijiona mwalimu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na darasa kubwa na mikono miwili tu, basi akatupanga wawili wawili, kila mmoja asahihishe daftari la mwenzake. Mwenzangu alikuwa msichana wa Bangwe, kando ya ziwa, binti wa mvuvi wa dagaa, mcheshi kunishinda.

Makosa yetu yalikuwa ya ukoo mmoja. Kiswahili hakibagui mume na mke, yeye ni yeye tu, kwa hiyo tukiandika Kiingereza mama zetu waligeuka wanaume na babu zetu wakawa wanawake. Ya jana tuliyaandika kama ya leo. Vile vineno vidogo vinavyotangulia majina tulivimwaga popote kama chumvi, au tukavisahau kabisa.

"Shoga, babu yako kajifungua!" nilimwambia siku moja, tukacheka mpaka tukatolewa nje.

Kila wiki mwalimu alitutungisha barua. Mwombe mjomba baiskeli. Mwombe rafiki akupokee stesheni. Mjomba hakuwepo, baiskeli haikuwepo, tuliomba tu.

Kisha familia ya mwenzangu ikahamishiwa kijiji cha ujamaa, huko bara, mbali na ziwa. Mvuvi akapewa jembe. Siku ya kuondoka, akiwa juu ya lori, mwenzangu aliniinamia.

"Nitakuandikia kwa Kiingereza. Usiache kunisahihisha, nisije nikaharibika."

Nikaahidi. Nilikuwa na kalamu nyekundu aliyonizawadia mwalimu, wino umebaki nusu, nayo niliipenda kuliko viatu.

Barua zililetwa na dereva wa lori la mawese aliyepitia kijijini kwao na kushusha mapipa sokoni Ujiji kila Jumamosi. Nilizisahihisha, nikazirudisha kwa lori hilohilo.

Ya tano ilikuwa ndefu, ina doa la mawese pembeni. Alisema shule ya kijijini inaishia darasa la nne. Baba yake anasema alichosoma kinatosha. Tafadhali muulize mama yako kama naweza kulala kwenu mpaka nimalize la saba. Nitateka maji, nitaosha vyombo. Sili sana.

Nililaza rula chini ya kila mstari. Mama yangu kamfanya mwanamume tena! Nilicheka peke yangu. Nilidhani ni zoezi, kama ile baiskeli ya mjomba. Chini nikaandika kumi na nne juu ya ishirini, na maneno ya mwalimu: Vizuri, ongeza bidii.

Jumamosi iliyofuata dereva aliniambia, "Mwenzako anashukuru kwa masahihisho."

"Hajaleta barua?"

"Hajaleta."

Jumamosi tatu zikapita hivyohivyo. Jumamosi ya nne mama alikuwa akichambua maharage, nikamsimulia kama kichekesho.

"Mama, yule wa Bangwe alikufanya mwanamume kwenye barua! Akaomba kulala kwetu, ati hali sana."

Mkono wa mama ukasimama ndani ya ungo. "Ukamjibu nini?"

"Nilimpa kumi na nne."

"Mwanangu. Yule mtoto alikuwa anaomba kweli."

"Si angeandika kwa Kiswahili?"

"Kiswahili baba yake anakisoma." Akausogeza ungo pembeni. "Mkeka upo. Mwandikie aje. Leo hii."

Nikaandika kwa Kiingereza, sina wa kunisahihisha. Nikakimbia sokoni, lori linakaribia kuondoka.

"Shikamoo mjomba. Mpe mwenyewe mkononi, baba yake asiione."

Wiki iliyofuata dereva alinirudishia bahasha haijafunguliwa.

"Wamempeleka Uvinza kwa shangazi yake, akalee mtoto. Wiki ya pili sasa. Wanasema ataolewa hukohuko." Akanitazama, akapunguza sauti. "Umechelewa kidogo tu, binti."

Mimi la saba nilimaliza, kwenda sekondari sikuchaguliwa. Sasa nauza chai karibu na stesheni ya Kigoma, na bado naota kwamba siku moja nitasimama mbele ya darasa. Treni inayopitia Uvinza ikiingia, naacha birika motoni na kuwatazama wanawake wote wanaoshuka na watoto mgongoni. Wateja wananitania kwamba namsubiri mchumba. Nacheka nao.

Barua yangu ile iliyorudishwa ninayo. Nimeifungua mara moja tu. Ina makosa manane kwenye ukurasa mmoja, na sijayagusa.