Mlio wa Saa Kumi na Mbili

Kazini walimwita Mama Pasi, na hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita hivyo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akinyoosha mashuka ya hoteli, kwenye chumba cha chini ambako mvuke hujaa hadi kuta zikatoka jasho. Hoteli yenyewe hakuijua. Hakuwahi kukanyaga zulia lake hata siku moja; aliijua kwa upande wa mashuka tu. Mgongo ulimuuma kila siku, naye alishaacha kuushtaki kwa mtu, wakawa wanaishi pamoja kama wapangaji wasiosalimiana.

Kama kulikuwa na jambo lililowachekesha wenzake, ni simu. Zote tatu alizowahi kumiliki zilitoka kampuni moja. Ya kwanza ilikuwa ya vibonyezo, ya pili ya vibonyezo pia lakini yenye kamera isiyoona mbali, ya tatu ya kugusa kioo. Wenzake walihama kampuni kila walipoona tangazo. Yeye alibaki palepale, na mtu akiisema vibaya kampuni hiyo, Mama Pasi aliweka pasi chini kwanza ndipo amjibu. Msimamizi wa zamu aliwahi kumuuliza kama wamemwandika kwenye urithi. Akamjibu kwamba asiyeweza kutulia na simu hawezi kutulia na mume. Wote mle ndani walijua kwamba mume wake aliondoka wakati wa simu ya pili, lakini walikuwa na adabu, wakainamia mashuka yao.

Ukweli ni kwamba aliipenda kampuni kwa ajili ya mlio. Simu zao zote zilikuja na mlio uleule wa kengele, sauti tano: tatu zinapanda, mbili zinashuka. Aliuzoea tangu ile ya vibonyezo. Halafu simu ya tatu ikatumbukia kwenye ndoo ya wanga kazini. Aliianika siku tatu ikafufuka, ila spika haikupona sawasawa. Tangu hapo sauti ya tatu, ile ya juu kabisa, ilitoka imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Yeye akasema haidhuru, maadamu inalia.

Na ililia kwa kazi maalumu: dawa za mama yake.

Mama yake alikuwa mwalimu wa hesabu, na mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu. Kwa miaka minne sasa kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogokidogo, kwanza majina ya majirani, kisha ya ndugu, mwishowe sura. Asubuhi binti yake alipomwogesha, Mwalimu alimshukuru vizuri sana. "Asante, dada. Una watoto?" Mama Pasi alijibu kwamba anao wawili, wameolewa mbali. Mwalimu akamwombea Mungu amtunzie. Mazungumzo hayo yalirudiwa kila asubuhi, na kila asubuhi Mama Pasi aliyajibu kama mapya, akamfunga mama yake vifungo, akaenda kazini na moyo mzito.

Lakini ilikuwepo jioni. Dawa ya jioni ilikuwa ya saa kumi na mbili kamili, na saa kumi na mbili kamili ndiyo saa ambayo Mama Pasi alikuwa akiingia kwenye ushoroba wa nyumba yao akitoka kazini. Simu ililia ndani ya mkoba wake kabla hajafika mlangoni. Huko ndani, kwenye kiti cha plastiki, Mwalimu alinyoosha shingo na kumwambia mdogo wake, ambaye ndiye aliyeshinda naye mchana kutwa, "Huyo binti yangu. Mfungulieni."

Na mlango ulipofunguliwa, alimjua. Alimwita kwa jina lake la utotoni, akamuuliza habari za kazi, akamlaumu kwa kukonda, akameza dawa bila ubishi. Ilidumu kama nusu saa, kisha Mama Pasi akageuka tena kuwa dada fulani mwema. Ukitaka kujua kilichokuwa kikimwamsha mwanamke yule alfajiri na mgongo wake ule, ni nusu saa hiyo, hapakuwa na kingine.

Simu nayo ikazeeka. Betri ilivimba mpaka mfuniko wa nyuma ukabidi ufungwe kwa mpira, na ikafika mahali inazimika katikati ya sentensi. Kibaya zaidi, hoteli ilianza kupanga zamu kwa programu fulani, na programu hiyo ikatangaza kwamba haitambui tena simu za umri ule. Mara mbili Mama Pasi alifika kazini akakuta zamu yake imehamishwa. Mara ya pili msimamizi alimwambia kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, kwamba hakutakuwa na mara ya tatu.

Basi siku yake ya mapumziko akaenda kwenye duka la kampuni ileile, maana angekwenda wapi? Muuzaji, binti mmoja mchangamfu aliyevaa fulana ya kampuni, aliingiza namba yake kwenye kompyuta akashangaa: mteja wa miaka yote hiyo! Akampa zawadi ya mteja mwaminifu, kifuniko cha simu kilichoandikwa "Tuko Pamoja". Akamweleza kwamba akiiacha ile ya zamani atapunguziwa bei ya mpya. Mama Pasi aliuliza jambo moja tu: kengele zake za dawa zitahamia? Akaambiwa kila kitu kitahamia, namba, picha, meseji, na kengele zote kwa saa zake. Binti hakusema uongo. Zilihamia. Simu ya zamani ikafutwa, ikatupwa kwenye boksi pamoja na maiti wenzake, na Mama Pasi akajicheka kwa sababu alikuwa ameona huruma.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Njia nzima aliingiza mkono mkobani kuigusa ilivyo laini. Alipoingia ushorobani saa kumi na mbili ilitimia, na mkoba ukatoa sauti ya maji yanayodondoka, kisha kitu kama ndege, kisha maji tena. Ndani palikuwa kimya. Akabisha hodi mwenyewe.

Mama mdogo akafungua. Mwalimu alimtazama mgeni kwa heshima.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

Dawa alizikataa. Alieleza, kama anavyoelezwa mwanafunzi mgumu, kwamba yeye hapokei vidonge kwa watu asiowajua. "Binti yangu ndiye hunipa. Saa zake za kuja ndizo hizi." Akaendelea kuutazama mlango, shingo imepinda kidogo ili Mama Pasi asimzibie. Mwishowe vidonge vikasagwa, vikafichwa kwenye chai, na Mama Pasi akaenda kukaa jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Alikuwa amechoka mno hata kwa hilo.

Kesho yake alitoka kazini mapema kwa ruhusa ya kubembeleza, akarudi dukani. Binti wa fulana alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema toleo hili limekuja na milio mipya, ile ya zamani kampuni imeiondoa. Na ile simu yenyewe? Gari lilikuwa limepita asubuhi kukusanya maboksi. Simu hizo huenda kupondwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo binti alikuwa na moyo: alitafuta mtandaoni mpaka akaupata mlio wa zamani, sauti zote tano, akauweka kwenye kengele. Mama Pasi akamshukuru kwa mikono miwili.

Jioni ile ukalia ushorobani, safi, hauna mkwaruzo hata chembe. Ndani Mwalimu aliinua kichwa. Mama Pasi, sikio lake likiwa mlangoni, alisikia kiti kikilalamika kama mtu anataka kusimama, akashika kitasa. Kisha mama yake akasema, "Simu ya mtu inalia huko nje," na kiti kikatulia.

Hapo ndipo hasira zilipompanda. Miaka yote ile ameitetea kampuni kama ndugu yake wa tumbo moja, na asante ya punda ni mateke. Aliiandikia malalamiko kwa kidole kimoja, wakati wa mapumziko, akiwa amekaa juu ya marundo ya mashuka. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini. Walimshukuru kwa kuendelea kuwa mteja mwaminifu. Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa, halafu akaomba radhi. "Lakini mwanangu," akasema, "si unamwona kila siku? Unamlisha, unamwogesha." Mama Pasi akajibu kwamba yeye anamwona, ndiyo. Aliyeacha kuonwa ni yeye.

Ikapita wiki namna hiyo. Jioni ya Ijumaa hoteli ilikuwa na mkutano, mashine kubwa ya kunyooshea ikagoma, na mashuka yote yakapita mikononi. Mvuke ulikuwa mzito kuliko siku zote. Alipotoka, sauti ilikuwa imemkauka, hata kuaga wenzake aliaga kwa mkono. Kengele alikuwa ameshaizima tangu juzi. Hakuona sababu ya kutangaza kuja kwa mtu asiyesubiriwa.

Alifika ushorobani akasimama. Mlango ulikuwa hatua mbili mbele yake na hakuutaka. Hakuwa na nguvu ya kuulizwa tena anamtafuta nani, na kutafuta jibu la adabu. Aliegemea ukuta, akavua viatu, akaviacha pale vilipoangukia. Na kama inavyokuwa kwa kitu kilichokukaa kichwani juma zima, ule mlio ukamtoka wenyewe mdomoni, kwa kuguna tu, taratibu. Sauti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa juu mno kwa koo lile la mvuke, ikakwaruza, ikakatika katikati. Akashuka na zile mbili zilizobaki.

Ndani kiti kililia.

"Huyo binti yangu," Mwalimu alisema.

Mama Pasi akasogeza sikio mlangoni. Alisikia mama mdogo akiuliza nani, maana yeye hakusikia kitu.

"Binti yangu. Mfungulieni upesi, leo atakuwa amechoka."

Mama Pasi akaanza tena sauti ya kwanza, ili mama yake asije akampoteza njiani, na hakunyamaza mpaka kitasa kilipozunguka.