Toleo la Majaribio Lililonikuta Edani

Mume wangu alikuwa fundi redio. Nilipomfahamu alikuwa bado ameajiriwa kwenye karakana ya kampuni ya umma pale Singida mjini, anavaa koti la buluu lenye bisibisi mbili mfukoni. Mwaka wa pili wa ndoa yetu kampuni ikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na lile koti na barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Nyumbani ni kwa mama yake, mtaa wa Utemini, tulikokuwa tukiishi vyumba viwili vya upande wa uani. Wao ni watu wa biashara, asili yao upande mmoja Tabora na upande mwingine Pangani, Waislamu wa siku nyingi. Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, mwalimu wa shule ya msingi, na nilisilimu nilipoolewa.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila mwenye uwezo anaagiza anachotaka kutoka nje. Redio ziliingia kwa wingi, nyepesi, za rangi rangi. Watu walidhani fundi redio atafurahi. Yeye alisononeka. Aliniambia redio za zamani ukizifungua mgongo unakuta mchoro wa njia zote za umeme umebandikwa kwa ndani, ili fundi yeyote, hata wa Singida, aufuate mpaka alipo ubovu. Hizi mpya zilikuwa zimegundishwa. Ukizifungua zinavunjika.

Nyuma ya redio zikaja kompyuta za mitumba. Akapata moja, nzito, imegeuka rangi ya meno ya mzee, akaiweka chumbani kwetu juu ya meza yangu ya kusahihishia madaftari. Alikuwa na rafiki yake waliyesoma naye, mtu mzima mwenzake, aliyefungua duka la intaneti karibu na stendi. Huyo ndiye aliyemletea diski ya kwanza ya mfumo endeshi wa programu huria. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoiamsha mashine na kuzibeba programu nyingine zote. Huu ulitengenezwa na watu wa nchi mbalimbali kwa kujitolea, unagawiwa bure, na kila kilichomo ndani yake unaruhusiwa kukifungua na kukisoma.

"Huu umekuja na mchoro wake," aliniambia siku hiyo. Sijui kama niliwahi kumwona na uso ule tena.

Watengenezaji wale walikuwa na utaratibu. Kabla ya kutoa toleo kamili walitoa toleo la majaribio, watu walichukue, walitumie, waseme limeharibikia wapi. Mume wangu akawa mmoja wa hao watu. Rafiki yake alivuta toleo kwenye laini ya simu kwa siku tatu, nne, mara likakatika karibu na mwisho wakaanza upya. Kisha mume wangu akaliweka kwenye mashine yetu, akakaa nalo. Aliandika kila alichokiona kwenye daftari, na Jumamosi akalipeleka dukani kutuma aliyoyaandika.

Kosa alilolipata yeye lilihusu umeme. Singida umeme ulikuwa ukikatika bila taarifa, wakati mwingine mara nne kwa siku. Akagundua kwamba ukiandika barua, ukaihifadhi vizuri, umeme ukikatika mara baada ya hapo, mashine ikiwaka tena barua ipo kwa jina tu. Ukiifungua ni tupu. Haikutokea kila mara, ndiyo maana wengi hawakuiona.

"Wao kwao umeme haukatiki," alisema. "Watajuaje?"

Akawaandikia. Mmoja wa watengenezaji, mtu wa mbali huko ambaye hatukuwahi kumjua sura, akamjibu kwamba amejaribu na hajaona kosa. Mume wangu akaandika tena, kwa urefu zaidi. Wakaandikiana hivyo miezi mitatu.

Mimi nilichoka. Hatukuwa na mtoto, na wakati mwingine niliona kama kile kidude kimekaa mahali pa mtoto. Jumapili moja aliniomba nikae kwenye mashine niandike chochote, ili yeye azime umeme ukutani.

"Nataka mtu anayeandika kitu cha kweli," alisema. "Mimi nikiandika naandika upuuzi, aaa, bbb."

Nilikuwa nimeshika beseni la nguo. "Unawafanyia kazi Wazungu bure," nikamwambia. "Waambie waje kuzima umeme wao."

Alirudi chumbani, nami nikaenda kufua.

Siku kumi baadaye alikwenda Kinampanda kutengeneza mashine ya shule fulani, akalala huko siku mbili. Alirudi anatetemeka. Tulidhani ni malaria ya kawaida, na ilikuwa malaria, ila ilimpanda kichwani. Siku ya tatu hakunijua. Aliniita kwa jina la dada yake. Siku ya nne, alfajiri, akafariki. Tulimzika siku hiyohiyo baada ya sala ya adhuhuri. Mama yangu mzazi alitoka Ikungi akawahi matanga tu, akanililia kwa Kinyaturu mpaka mama mkwe naye, aliyekuwa amejikaza tangu asubuhi, akaanza kulia kwa lugha isiyo yake.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila manukato, bila kuonana na wanaume wasio wa familia. Shuleni walinipa ruhusa. Watu walipoondoka tulibaki mimi na mama mkwe. Mashine ilikaa mezani, nimeifunika kanga. Sikuweza kuiangalia wala kumwambia mtu aiondoe.

Wiki ya sita rafiki yake alikuja. Nilisikia hodi, nikasikia mama mkwe akimkaribisha barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Mama mkwe akaja ndani na karatasi. Ilikuwa barua pepe ya Kiingereza iliyochapwa, na chini ya kila mstari rafiki yule alikuwa ameandika Kiswahili chake kwa kalamu. Ilikuwa imeandikwa kwa mume wangu. Mtengenezaji yule alisema amepata mashine kuukuu, akaizima kwa nguvu mara nyingi, na hatimaye ameliona kosa. Aliomba radhi kwa kutomwamini. Alisema ameshalirekebisha katika toleo jipya la majaribio, na anamwomba yeye, kwa kuwa ndiye aliyeligundua, ajaribu toleo hilo kwenye mashine ileile. Mara kumi. Andika, hifadhi, hesabu mpaka tano, zima umeme, washa, angalia.

Niliisoma nimesimama. Kilichonishika ni salamu ya mwisho. Alikuwa amemtakia afya njema.

Pazia la mlango wa baraza lilikuwa kati yetu. Rafiki yule akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, toleo ninalo dukani. Naweza kulijaribu mimi kwenye mashine zangu nikawajibu. Au niwaambie tu kwamba hayupo."

"Usiwaambie," nikasema.

Nikasogelea pazia.

"Chukua mashine ukaweke hilo toleo, kisha uirudishe hapa. Nitajaribu mwenyewe."

Mama mkwe aliniangalia. Nilidhani atasema kitu juu ya eda. Aliingia chumbani, akaivua mashine kanga, akaibeba yeye mwenyewe mpaka barazani, mwanamke wa miaka sitini na kitu.

Ilirudi baada ya siku mbili. Tulianza baada ya sala ya adhuhuri. Nilikaa kwenye kiti cha mume wangu, mama mkwe akakaa kwenye kigoda karibu na swichi ya ukutani. Nikaiwasha. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba mikono ilikwenda yenyewe. Ukurasa mweupe ukafunguka, nami sikujua niandike nini.

"Anataka kitu cha kweli," nikasema. Nilisema anataka, kama vile yupo nyuma yangu.

"Basi andika habari zake," mama mkwe akasema. "Mimi nitasema."

Akasema jinsi mwanawe alivyofungua redio ya baba yake akiwa na miaka tisa, akapigwa, kisha baba mtu akagundua redio inasikika vizuri kuliko mwanzo, akaona aibu. Nikaandika. Nikahifadhi. Tukahesabu pamoja mpaka tano.

"Zima, mama."

Akazima. Feni ya mashine ikaimba ikishuka. Nikawasha, tukasubiri ikijikagua, ilichukua muda mrefu. Nikafungua. Maneno yalikuwepo yote.

Mara ya pili alisema juu ya ugomvi wa mwanawe na somo la hesabu. Yalikuwepo. Mara ya tatu, siku aliyoleta habari kwamba anataka kuoa mtoto wa wakulima wa Ikungi, mwalimu, Mkristo, na yeye mama akakataa kula chakula cha jioni.

"Hilo niandike?"

"Andika. Ni kweli."

Nikaandika kwamba mama mkwe hakunitaka. Akazima. Likarudi vilevile, tukalitazama kwenye kioo, naye akanishika bega.

Ya nne, ya tano, ya sita, yote salama. Nilianza kuamini limekwisha. Mara ya saba alisimulia mwanawe alivyozaliwa. Hiyo sikuwahi kuisikia. Alikuwa kwenye lori la ngozi la mumewe wakitoka Itigi, uchungu ukamshika njiani, mvua inanyesha, na mama mmoja wa Kigogo wasiyemjua akaja na kisu na maji ya moto akampokea mtoto ndani ya lori, juu ya ngozi. Alisema mengi, harufu ya ngozi, wimbo aliouimba yule mama, maneno aliyomwambia mtoto. Niliandika haraka, machozi yananizuia kuona herufi. Nikahifadhi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akazima.

Iliporudi, jina la faili lilikuwepo. Nikalifungua. Ukurasa ulikuwa mweupe.

Nilifunga nikafungua tena. Nilifanya hivyo mara tatu.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza.

"Halipo, mama. La kuzaliwa halipo."

Alinyanyuka, akaja kuangalia kioo kwa karibu kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akarudi kwenye kigoda.

"Nitakuambia tena," akasema.

Akasimulia tena. Lakini safari hii mvua haikuwepo, na wimbo aliusahau, akasema labda ulikuwa wimbo mwingine. Nilivumilia mpaka alipomaliza, ndipo nikaweka kichwa juu ya meza nikalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya maziko sikukilia. Nilimwomba radhi mume wangu kwa lile beseni la nguo. Nilimwomba mama yake pia, ingawa hakujua ninazungumzia nini. Aliniacha. Baadaye akasema, "Bado tatu. Tumalize."

Tulimaliza kabla ya magharibi. Mara kumi, moja imepotea. Niliandika hivyo kwenye daftari la mume wangu, chini ya mwandiko wake, na kesho yake rafiki yake akaja kuchukua. Alituma kwa jina la mume wangu, kama nilivyotaka.

Jibu likaja baada ya siku nne, wamemshukuru. Likaja toleo lingine la majaribio, tukajaribu tena, mimi na mama mkwe, tukapoteza moja katika ishirini. Kila barua ilianza kwa jina lake. Wiki tano hivi kulikuwa na mtu duniani anayemwamkia mume wangu, anayemuuliza anaonaje, anayesubiri jibu lake. Nilikuwa nalala nikijua kesho huenda akaandikiwa. Najua haikuwa sawa. Nilijua hata wakati ule.

Toleo kamili lilipokaribia, mtengenezaji yule akauliza jina la mume wangu linaandikwaje kwa ukamilifu, maana wataweka orodha ya waliosaidia. Na akauliza kama siku moja angependa kuja kwenye mkutano wao.

Rafiki yake hakuniletea karatasi hiyo kupitia kwa mama mkwe. Alisimama barazani akaisoma mwenyewe, na alipofika kwenye mkutano akaikunja karatasi.

"Shemeji, mimi siwezi tena."

"Waambie," nikasema.

Wakajibu siku ileile. Walikuwa watu saba walioandika, kila mmoja mistari miwili mitatu. Yule mtengenezaji aliuliza ni nani basi aliyefanya majaribio. Rafiki akamwambia ni mke na mama wa marehemu. Baada ya hapo hawakuandika tena. Hawakuwa na sababu.

Eda yangu ilikwisha. Sikuwa na mtoto wa kunibakisha pale, na shemeji zangu walikuwa wanavihitaji vyumba. Hawakunifukuza, walisema kwa adabu. Nikaomba uhamisho nikarudi kufundisha Ikungi. Mashine niliiacha kwa mama mkwe, kwa kuwa nilikokwenda umeme haukuwepo.

Toleo kamili lilipotoka nilikwenda Utemini siku ya Jumamosi. Rafiki yake alikuwa ameshaliweka. Jina la mume wangu lilikuwemo kwenye orodha, limeandikwa sawasawa. Tulizima umeme mara ishirini, mimi na mama, tukiandika habari za mvua na bei ya alizeti, maana mengine yote tulikuwa tumekwisha kuyasema. Halikupotea hata neno moja. Nilitafuta furaha ndani yangu sikuiona. Kosa lile lilikuwa lake, na sasa halikuwepo.

"Kwa hiyo wamemaliza?" mama mkwe akauliza.

"Wamemaliza, mama."

"Hawataandika tena."

"Hapana."

Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza kama nitalala au narudi, kwa sababu basi la mwisho la kupita Ikungi lilikuwa linakaribia kuondoka. Nikamwambia nitalala. Akaenda kuniwekea maji ya kuoga.