Fimbo ya Kuvulia kwenye Shimo la Matofali

"Ni nani aliyekuambia upime maji?"

Mama aliniuliza hivyo mchana kweupe, mbele ya watu wa kanisa lake, na sikuweza kumjibu. Mimi, ambaye nyumbani wananilalamikia kwamba nina jibu la kila kitu. Niamini ninapokuambia kwamba mambo haya yalitokea, na yalinitokea mimi, mtu ambaye akisimuliwa habari za mizimu huuliza kwanza taa ilikuwa umbali gani na msimulizi alikuwa amekunywa nini. Mimi nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa, basi.

Nianze na fimbo yenyewe. Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi kwetu Sironga kungoja kazi, na katika kungoja nikafungua ukurasa mtandaoni wa kuchunguza vitu vya bei nafuu. Tochi za sola, pasi, redio, sufuria zinazodaiwa haziunguzi. Nakitumia kitu wiki nzima, kisha naandika nilichokiona. Mwaka jana wasomaji wakaanza kuniuliza kuhusu seti moja ya fimbo ya kuvulia na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ile inayouzwa kwa bei ya chini kabisa. Je, inafaa kwa samaki wadogo? Swali zuri. Huku kwetu watu wengi wana mabwawa yaliyojaa tilapia waliogoma kukua, wa ukubwa wa kiganja, na kuburuta wavu kila unapotaka kitoweo ni taabu. Nikaagiza. Ikafika mjini Keroka ndani ya bomba la karatasi ngumu, nikaenda kuichukua.

Kwa bei ile, haikuwa mbaya. Ilikuwa na vipande viwili vya kuchomeka, na ikiunganishwa inanipita kimo kidogo. Ncha yake ilikuwa laini, na hilo ndilo jambo la kwanza unalotaka kwa samaki mdogo, kwa sababu akigusa chambo tu unaona. Lakini mshipi waliouweka kiwandani ulikuwa mnene na wenye kujikunja kama nywele, nikautoa, nikaweka mwembamba. Pete moja ilikuwa na ukingo mkali, nikaisugua na msasa. Breki ya rili ilikuwa mbovu zaidi: haikuachia mshipi polepole, ilishika, ikaachia ghafla, ikashika tena. Samaki mkubwa angekata mshipi. Mdogo hana nguvu hizo, kwa hiyo nikaandika kwenye daftari: inavumilika.

Mahali pa kuijaribia palikuwa karibu. Bondeni chini ya kwetu kuna mashimo ya matofali. Watu walichimba udongo pale kwa miaka mingi, kila mtu shimo lake, wakachoma matofali, wakaondoka. Mvua zikajaza mashimo yote hadi maji yakaungana yakawa kama ziwa dogo la rangi ya chai. Mtu fulani alitia tilapia humo zamani, wakazaana. Shamba hilo lilikuwa limenunuliwa karibuni na Mzee Nyakundi, mzee wa kanisa la Kisabato anakosali mama. Nilimwomba ruhusa, akacheka.

"Vua tu, binti. Lakini Jumamosi utuachie. Tutakuwa na ubatizo pale."

Nilijua. Kisima cha ubatizo kanisani kilikuwa kimepasuka, mto ulikuwa umejaa, na mzee alikuwa amejitolea maji yake. Miongoni mwa waliokuwa wanabatizwa alikuwa mama. Tangu baba afariki alikuwa akiisubiri siku hiyo. Tayari alikuwa ameshashona gauni jeupe. Mimi nilimwambia sitahudhuria, kwa kuwa sioni maji yanaweza kubadilisha nini ndani ya mtu. Ni maneno niliyoyaona ya busara wakati huo.

Jumatano jioni, jua likiwa bado juu ya mikaratusi, nilitupa ndoano mara yangu ya kumi hivi. Nilikuwa nimeshapata samaki watatu. Ndipo nikasikia mtu akisema kwa Ekegusii, lugha yetu:

"Hiyo fimbo ni ya kuvulia samaki au ya kuwachapia?"

Nikainua macho. Ng'ambo ya maji, mbele ya matete, alikuwa amesimama mwanamume wa makamo aliyevaa koti la bluu la kazi, suruali ameikunja, maji yakimfika chini kidogo ya magoti. Hakuwa na kitu mkononi. Nilimsalimu "Bwairire", salamu yetu ya jioni, naye akaitikia vizuri, kama mtu yeyote wa huku.

"Ni ya kujaribu tu," nikasema.

"Unaijaribu, au yenyewe inakujaribu? Legeza hiyo breki. Samaki wa hapa wana midomo laini, unawachana."

Nikalegeza. Aliyefuata alikuja bila kuchanika mdomo. Nikamwambia asante, na tukaongea hivyo kwa muda, yeye akinitania kwamba msomi mzima anaandika samaki kwenye daftari kama karani, mimi nikimjibu. Nilimpenda, kusema kweli. Aliuliza maswali kama ninavyouliza mimi: unajuaje? Umepima, au umekisia? Jambo moja tu lilinisumbua, tena baadaye, nikiwa kitandani. Kati yetu palikuwa na zaidi ya hatua thelathini, na hatukuwa tumepaza sauti hata kidogo.

Nilipoinama kutoa ndoano kwenye samaki wa saba na kuinuka, hakuwepo. Nilizunguka hadi upande wake, maana mimi ni mtu wa kuhakikisha. Kwenye udongo ule laini, unaoshika hata kucha za ndege, palikuwa na alama za kwato za ng'ombe na za miguu ya yangeyange tu, hakuna wayo wa mtu. Nikajiambia amekanyaga majani. Wewe ungejiambia nini?

Alhamisi nilirudi. Nilikuwa nimebakiza kipimo kimoja cha kuandika: je, fimbo nyepesi kama ile inaweza kumwambia mvuvi kina cha maji? Unafunga chubwi, kile kipande kizito cha madini ya risasi, mwishoni mwa mshipi, na juu yake unaweka kiboya chepesi cha kuelea. Ukitupa, kiboya kikilala juu ya maji, ujue chubwi imekaa chini na mshipi umebaki. Kikizama, maji ni marefu kuliko nafasi uliyoacha kati ya kiboya na chubwi, basi unakisogeza juu zaidi, unatupa tena. Pale nilipozoea kuvulia, kiboya kililala mara ya kwanza. Maji ya magoti. Nilifurahi kwa kazi nzuri.

"Pale wanapoingilia Jumamosi umepima?"

Alikuwa palepale, mbele ya matete. Koti lilelile, suruali imekunjwa vilevile. Upepo ulikuwa unavuma, kiboya changu kikicheza, lakini maji yaliyoizunguka miguu yake hayakucheza. Niliona hilo, nikaliweka kando, kama unavyoweka kando barua usiyotaka kuifungua.

"Nani amekuambia kuna watu wanaingia Jumamosi?"

"Si pale, kwenye magogo mawili?" Akaonyesha kwa kidevu. "Rusha pale. Leo acha kuvua. Pima."

Mzee Nyakundi alikuwa amelaza magogo mawili ya mkaratusi ukingoni ili watu wasiteleze wakishuka. Nilisogea, nikatupa hatua mbili tu kutoka kwenye magogo. Kiboya kikazama. Nikakisogeza juu, nikatupa tena. Kikazama. Nikakipeleka mpaka nafasi ikalingana na urefu wa fimbo yenyewe, nikatupa, na kiboya kikaenda chini kama kimevutwa. Hatua ya kwanza, maji ya vifundo vya miguu. Hatua ya pili, ukuta wa shimo la kale unaoshuka wima.

"Mama yako anajua kuogelea?" akauliza mtu yule.

"Hapana."

"Huku kwetu hakuna anayejua," akasema, tena kwa upole, kama anayenituliza. Nikatazama kiboya, nikamtazama yeye, na mbele ya matete hapakuwa na mtu. Safari hii sikuzunguka kutafuta nyayo. Nilikimbia.

Ijumaa nilimwambia mama. Alikuwa anaharakisha kupika chakula cha Sabato kabla jua halijatua, gauni jeupe limetundikwa mlangoni.

"Mama, maji yale ni marefu. Nimepima."

"Kwa kile kifimbo cha kuchezea?"

"Ndiyo, kwa hicho."

"Wewe kila kitu ni kupima. Mungu naye utamtupia kiboya?" Akageuza ndizi kwenye sufuria. "Sema tu hutaki nibatizwe. Nitakuelewa. Lakini usinitishe na maji."

Nilimpigia Mzee Nyakundi. Akaniambia kwa heshima zote kwamba ng'ombe wake hunywa pale kila siku na hajazama hata mmoja. Nikamwambia ng'ombe hawaingii hatua mbili. Akasema, "Binti, lala salama."

Hapo ndipo unapojua mtu anayebisha kila kitu amejichimbia nini. Nilikuwa nimepinga mambo mengi mno katika nyumba ile, na siku nilipokuwa na jambo la kweli likasikika kama mengine yote.

Kwa hiyo Sabato asubuhi nilikwenda na fimbo. Wazia basi. Watu wamevaa mavazi yao ya ibada, waimbaji wamepanga mistari, wabatizwa kumi na mmoja wako katika mavazi meupe, mama wa kwanza kwa sababu ya umri, na mimi nateremka bondeni na fimbo ya kuvulia begani siku ya Sabato. Wimbo ulikatika katikati.

"Binti," Mzee Nyakundi alisema, "hata kama huamini, leo si siku ya kuvua."

"Sina ndoano, mzee. Tazama. Ni risasi na kiboya tu. Nipe dakika mbili."

"Mtoto wa nani huyo?" mama mmoja akauliza nyuma, na mwingine akamjibu, "Si yule aliyesoma mpaka akapitiliza?" Wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, akikunja na kukunjua pindo la gauni lake jeupe kwa aibu.

Sikungoja ruhusa. Nikatupa. Kiboya kikazama. Nikavuta, nikatupa tena, kikazama tena. Nikampa Mzee Nyakundi fimbo mkononi. "Shusha mwenyewe, mzee." Alishusha ili aniaibishe, nadhani. Nilimwona akiachia mshipi, akiachia, ile breki mbovu ikishika na kuachia, na uso wake ukibadilika kila iliposhika. Alimwagiza kijana mmoja alete ufito wa kujengea uliokuwa kwenye tanuri la matofali. Ukashushwa hatua mbili kutoka kwenye magogo. Ukaingia wote.

Mchungaji, ambaye alikuwa tayari ameshavua viatu, alivivaa tena polepole.

Ndipo mama akaja mbele yangu na kuniuliza, si kwa hasira, ni nani aliyeniambia nipime maji. Nikafungua mdomo. Nikatazama ng'ambo, kwenye matete. Hapakuwa na mtu. Ningesema nini? Kwamba niliambiwa na mtu ambaye maji hayasogei kwa ajili yake? Mimi? Mama akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya baba.

Alibatizwa mwezi uliofuata, ufa wa kisima cha kanisani ulipozibwa. Nilikuwepo. Nilimshikia taulo. Siku hiyo ndiyo niliyomweleza kuhusu mtu wa koti la bluu, naye alisikiliza, akasema, "Basi tumshukuru," na kuendelea kujikausha nywele.

Lakini mimi sikuridhika. Akili yangu ilinitafutia maelezo, na nilikuwa nayo, tena mazuri. Yule ni mchimbaji wa zamani wa matofali. Anayajua mashimo kwa sababu aliyachimba. Habari za ubatizo kila mtu alizijua. Sauti husafiri vizuri juu ya maji tulivu. Na zaidi ya yote, alisimama majini mbele ya macho yangu, maji yakamfika chini ya magoti, kwa hiyo alikuwa mtu mwenye miguu, amekanyaga chini kama mimi. Nilitembea na maelezo hayo miezi mingi, yakanitosha. Nilichapisha uchunguzi wangu: fimbo inafaa kwa samaki wadogo, badilisha mshipi, sugua pete, usitegemee breki. Kuhusu kina niliandika sentensi moja tu.

Sasa nakuambia ambayo sikuyaandika. Usivue peke yako kwenye shimo la matofali. Usiingie maji usiyoyapima, hata kama ng'ombe wa mwenye shamba hunywa hapo. Na mtu akikusemesha kutoka ng'ambo, mwitikie, msikilize, lakini usiutazame uso wake tu. Tazama pia maji alimosimama. Mimi tangu siku hizo sivui jioni, na nikisikia mtu akisimulia mambo ya ajabu siulizi tena alikuwa amekunywa nini. Bado nauliza maswali mengine. Hilo moja nimeliacha.

Kiangazi kilichofuata Mzee Nyakundi alikodi pampu ili ayakaushe mashimo na kuyafukia. Nilikwenda kila siku kutazama. Siku ya nne kote kulikuwa tope, isipokuwa mbele ya yale matete, pale aliposimama yule mtu, mahali pekee ambapo sikuwahi kupima. Mzee akachukua ngazi ndefu ya pale kwenye tanuri, akaishusha pale. Ngazi ikazama yote, mkono wake ukaifuata hadi begani, na bado haikugusa chini.